PLT 18 kwenye karatasi: kabla hujapaniki angalia slaidi, afu soma MPV

Asubuhi moja dada mmoja kaletwa maabara anatakiwa kufanyiwa oparesheni ya uvimbe kwenye kizazi, mashine ikatoa PLT 18, yani idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Kumi na nane! Oparesheni ikaahirishwa palepale, ndugu wakaanza kupigiana simu kutafuta wachangia damu, sista wa wodini anakuja mbio mbio kuuliza kama damu ipo, na dada mwenyewe kakaa kwenye benchi anakula chapati na chai wala hana habari. Nikamuuliza, dada unatokwa damu fizi ukipiga mswaki? Hapana. Siku zako zinakuja nyingi kuliko kawaida? Zinakuja nyingi lakini ni toka huo uvimbe uanze. Mwilini una madoa madoa mekundu? Hapana dokta. (Mimi sio dokta, ni mtu wa maabara, ila nimeshazoea kuitwa hivo.) Nikaenda kupaka slaidi. Chembe sahani zimejaa tele ila zimeshikana mafungu mafungu kama maandazi yaliyowekwa kwenye ndoo yakiwa bado ya moto. Tukamtoa damu tena kwenye chupa ya kifuniko cha bluu, ikasoma 212, ukizidisha kwa 1.1 unapata kama 233. Mzima kabisa.

Ndo maana naandika hii. Namba ya PLT peke yake inakwambia tu kuna kitu, haikwambii ni nini, na watu wengi wanaishia hapo hapo wakati karatasi hiyohiyo ina MPV, PDW, wengine wana P-LCR, na mashine mpya zina mpaka IPF, zote zimekaa pale chini hamna anayezisoma.

Kwanza tuelewane kuhusu namba. 18 maana yake ni 18,000 kwenye maikrolita moja ya damu, kawaida ni 150 mpaka 450 yani laki na nusu hadi laki nne na nusu. MPV ni ukubwa wa wastani wa chembe sahani moja, mashine nyingi zinasoma kati ya 7 na 12 hivi, lakini kila mashine ina mipaka yake kwahiyo soma mipaka iliyochapwa pembeni kwenye karatasi yako, usichukue ya rafiki yako wa mkoa mwingine. PDW inaonyesha zimetofautiana kiasi gani, zote saizi moja au mchanganyiko. P-LCR ni asilimia ya zile kubwa kubwa. IPF ni asilimia ya zile changa zilizotoka kwenye uboho juzi juzi.

Sasa picha ya kukaa nayo kichwani ni ya mama anayekaanga maandazi. Chembe sahani zinatengenezwa kwenye uboho wa mifupa (jikoni), zinaingia kwenye damu (mezani), karibu theluthi moja muda wote imehifadhiwa kwenye wengu, wengine tunaita bandama (kabatini), na kila moja inaishi siku 7 hadi 10 afu inaondolewa. Zikiwa changa ni kubwa. Kwahiyo ukikuta mezani maandazi machache ila ni makubwa na ya moto, ujue jikoni wanakaanga kwa nguvu, shida ni walaji. Ukikuta machache, madogo, yamepoa, ujue jiko limezimika. Na ukikuta machache ya saizi ya kawaida afu kabati limevimba, fungua kabati. Hii sio sheria ya mahakamani, inakosea mara nyingine, lakini inakuelekeza uanzie wapi.

PLT chini, mgonjwa haonyeshi dalili yoyote, mashine imeweka alama ya kushikana

Huyu ndo yule dada. Chupa ya zambarau, ile ya kawaida ya kipimo hiki, ina dawa inaitwa EDTA, inafunga kalsiamu ili damu isigande, sasa kuna watu wachache (kama mmoja kwenye elfu moja hivi) wana kingamwili ambayo kwenye hali hiyo inazishikanisha chembe sahani zenyewe kwa zenyewe, mwilini mwao hakuna shida yoyote, shida iko kwenye chupa. Mashine inahesabu fungu zima kama kitu kimoja au inalirusha kabisa upande wa chembe nyeupe, na damu ikizidi kukaa ndo zinazidi kushikana, kwahiyo ukipima mara moja inasoma 90, ukirudia baada ya saa mbili inasoma 30. Ukiona namba inashuka kwenye chupa ileile, mgonjwa hajabadilika, chupa ndo imebadilika.

Cha kufanya: paka slaidi, angalia mpaka mwishoni kabisa kwenye manyoya ya slaidi (pale damu iliyopakwa inapoishia nyembamba) maana mafungu yanapenda kukimbilia kule. Wakati mwingine hazishikani zenyewe bali zinaizunguka chembe nyeupe kama watoto wamezunguka gari la aiskrimu, nayo ni yaleyale. Toa damu kwenye chupa ya bluu, ijaze mpaka kwenye mstari, pima haraka, zidisha kwa 1.1 kwa sababu dawa ya maji iliyomo kwenye hiyo chupa (sitreti) imepunguza damu kwa sehemu moja ya kumi. Wapo wachache wanaoshikana hata kwenye bluu, hao mtoe tone la kidole upake slaidi moja kwa moja uhesabu kwa macho: lenzi ya 100 na mafuta, sehemu kumi ambapo chembe nyekundu zinagusana tu bila kupandana, tafuta wastani, zidisha kwa 15,000. Ukipata 12 kwa kila sehemu hiyo ni kama 180,000, lala usingizi. Ukipata moja au mbili, mpigie daktari.

Afu tafadhali mwandikie huyo mtu kwenye karatasi kwamba chembe zake zinashikana kwenye EDTA, la sivyo kila hospitali atakayoenda maisha yake yote ataogopeshwa upya.

Kuna lile la kizembe pia. Mtoto analia, mshipa umetafutwa dakika tano, damu imetoka tone tone, chupa haikupinduliwa pinduliwa mara 8 hadi 10, imeganda kidogo ndani. Chukua kijiti chovya uone kama kuna mgando. Upo? Tupa, toa nyingine, usijaribu kuipima hata kidogo eti uone inasomaje.

MPV yenyewe haiaminiki

Kabla hujajenga hoja juu ya MPV uliza damu ilitolewa saa ngapi. Kwenye EDTA chembe sahani zinavimba taratibu, kwahiyo damu iliyotoka zahanati saa mbili asubuhi ikapanda bodaboda ikafika saa nane mchana itakuletea MPV ya juu ambayo haina maana yoyote. Mimi nikikuta imekaa zaidi ya saa nne naandika kabisa kwamba MPV isitumike. Na siku ya kurudia kipimo tumia mashine ileile na muda uleule, hii ya leo mashine hii kesho ile ndo inafanya watu waseme MPV ni upuuzi.

Angalia pia ule mchoro wa chembe sahani, watu wanauruka. Unatakiwa upande kama kilima kidogo afu ushuke mpaka chini kabisa karibu na ukubwa wa 20. Mkia ukibaki juu upande wa kulia kuna kitu kikubwa kinachanganya: mafungu, chembe sahani majitu, au chembe nyekundu ndogo sana na vipande vyake. Hapo mashine nyingi zinaweka nyota au vistari badala ya MPV, na watu wanadhani mashine imeharibika. Mashine haijaharibika, inakwambia njoo uangalie mwenyewe kwa hadubini. Na kumbuka kwa mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa madini chuma, MCV (ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu) iko 55, chembe nyekundu zake ndogo zinaweza kuhesabiwa kama chembe sahani, PLT ikaonekana nzuri kumbe iko chini.

PLT chini, MPV juu, IPF juu, chembe nyekundu na nyeupe ziko sawa

Jikoni wanakaanga, walaji ndo wengi. Kama mtu ni mzima tu, hana homa, ameanza kuona madoa mekundu madogo miguuni na michubuko bila kuanguka, wengu haujavimba, hapo unafikiria kinga ya mwili inashambulia chembe sahani zake mwenyewe, ile ITP. Kwa watoto mara nyingi inakuja wiki chache baada ya mafua au homa ya virusi na wengi wao inaisha yenyewe, kwa watu wazima inapenda kukaa muda mrefu.

Hapa lazima nimtaje Harrington. Mwaka 1950 kule St. Louis, Marekani, daktari kijana William Harrington alijiwekea mwenyewe damu ya mgonjwa wa ugonjwa huu, na ndani ya saa chache chembe sahani zake zikaporomoka vibaya mno, baadae zikarudi. Ndo ikajulikana kuna kitu kwenye damu ya mgonjwa kinazila, sio uboho umegoma. Saivi ukiomba kamati ya maadili ikuruhusu kitu kama hicho watakufukuza na fomu yako.

Ila ITP unaifikia baada ya kuondoa vingine, hamna kipimo kimoja kinachosema ndio au hapana. Pima HIV, kwetu hii usiiruke, kuna watu wamegundulika wana VVU kwa sababu tu ya PLT iliyoshuka bila maelezo. Pima homa ya ini B na C. Uliza dawa. Kwinini ni maarufu kwa kazi hii, inaweza kuzishusha ghafla siku chache tu baada ya kuanza, septrini nayo, rifampisini nayo, valproeti ya kifafa, na mgonjwa wa wodini aliye kwenye heparini akishuka nusu kati ya siku ya 5 na ya 10 hiyo ni dharura ya aina yake maana anaweza kuganda damu badala ya kutokwa damu. Uliza na za miti shamba, uliza kwa upole usimkaripie mtu, mama akiogopa hatakwambia.

PLT chini na homa

Huku kwetu hii ndo nyingi kuliko zote. Malaria inashusha chembe sahani kwa wagonjwa wengi sana, mpaka mimi nikiona PLT 70 na homa kabla hata slaidi haijakauka nishaanza kuihisi. MPV mara nyingi inapanda kidogo kwa sababu uboho unajitahidi kufidia. Kutokwa damu kwa sababu hiyo ni nadra hata namba ikiwa ya kutisha, tibu malaria, rudia baada ya wiki moja hivi zitakuwa zimerudi. Zisiporudi hiyo haikuwa malaria peke yake, anza upya.

Kipimo cha malaria kikiwa hakina kitu fikiria kidingapopo, yani dengue, hasa ukiwa Dar au pwani msimu wa mbu. Waliokuwepo Dar 2014 na 2019 wanakumbuka. Kwa huyu usiiangalie PLT peke yake, iangalie pamoja na hematokriti (asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu) na siku ya ugonjwa. Homa inashuka kati ya siku ya 3 na ya 7, watu wa nyumbani wanashangilia amepona, kumbe ndo muda wenyewe wa hatari maana maji yanavuja kutoka kwenye mishipa. PLT inashuka huku hematokriti inapanda, tumbo linauma, anatapika mfululizo, amelegea, huyo ni wa kulazwa, usimrudishe nyumbani na parasetamo. Na dawa ya homa iwe parasetamo tu, diklofenaki, ibuprofeni na asprini weka mbali kabisa. Kuhusu maji ya majani ya mpapai sitagombana na mtu, ila watu wengi wanayanywa siku zilezile ambazo chembe zingepanda zenyewe, afu sifa anapewa mpapai.

Homa na hali mbaya, presha imeshuka, anatokwa damu hata pale alipochomwa sindano: hiyo ni damu kuganda na kumwagika kwa wakati mmoja ndani ya mwili, chembe sahani zimetumika zote. Hapo hamna muda wa kujadili MPV.

PLT chini, Hb (wingi wa damu) chini, na kwenye slaidi kuna vipande

Ukiona chembe nyekundu zimekatika katika, zingine kama kofia ya askari, zingine pembe tatu, simama. PLT 15, IPF juu, LDH (kimeng'enya kinachopanda chembe zikivunjika) juu, mgonjwa amechanganyikiwa au anaongea vitu havieleweki. Inaweza kuwa TTP, vijibonge vya damu iliyoganda vinajitengeneza kwenye mishipa midogo na chembe nyekundu zinachanwa zikipita. Ukisoma MPV tu utasema ITP na utakosea vibaya. Mpigie daktari simu usisubiri karatasi ichapwe, na mwambie ulichoona kabla hawajakimbilia kumuongezea chembe sahani, kwa huyu zinaweza kuongeza tatizo na anachohitaji ni kubadilishiwa plazma.

Mjamzito naye ana mambo yake. PLT 110 miezi ya mwisho, hana shida nyingine, presha nzuri, hiyo ni ya kawaida kwa wajawazito na inarudi baada ya kujifungua. Lakini presha juu, kichwa kinauma, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, vimeng'enya vya ini vimepanda, hapo ini linaumia, chembe nyekundu zinavunjika na chembe sahani zinashuka kwa pamoja, anahitaji hospitali kubwa leo sio kesho.

PLT chini, MPV chini au kawaida, IPF chini

Jiko limezimika. Hapa usiangalie PLT, angalia majirani. Chembe nyeupe na Hb navyo viko chini? MCV iko 115 na chembe nyeupe zina vipande vingi kwenye kiini? Hiyo ni upungufu wa B12 au foleti, inatibika vizuri na unamuona mtu anafufuka kabisa. Kuna chembe changa za ajabu kwenye slaidi? Saratani ya damu, mtume akapimwe uboho. Zote tatu ziko chini na slaidi iko tupu kama uwanja baada ya mechi? Uboho umekauka, nao ni wa kupimwa uboho. Aliyepata dawa za saratani kama siku kumi zilizopita huyo sababu unayo.

Na pombe. Mzee anakunywa gongo kila siku, PLT 60, anakaa wodini siku kadhaa bila kunywa, PLT 100, wiki ijayo 300, kila mtu anadai dawa yake ndo imefanya kazi. Pombe inaubana uboho moja kwa moja hata kabla ini halijaharibika.

Mtoto wa kiume mwenye PLT chini na MPV ndogo sana, 4 au 5, pamoja na ukurutu na masikio yanayotoa usaha kila mara, fikiria Wiskott-Aldrich. Ni nadra ila ndo ugonjwa ambao MPV inakaribia kukupa jibu yenyewe.

PLT 60 mpaka 100, miezi inapita haibadiliki, chembe nyeupe nazo chini kidogo

Shika tumbo. Kweli, mlaze mgonjwa umshike tumbo upande wa kushoto. Wengu uliovimba unaweza kubeba mpaka asilimia 90 ya chembe sahani zote, hazijafa zimefichwa tu, ndo maana MPV inakaa kawaida na namba haishuki sana chini ya 40. Kule Kanda ya Ziwa, Ukerewe, Sengerema na visiwa vyote vile, uliza kichocho cha tumbo, mtu ameoga na kuvua ziwani toka utotoni, ini limepata makovu, damu inarudi nyuma wengu unavimba. Hatari yake kubwa sio hiyo PLT, ni mishipa ya koo inayoweza kupasuka akatapika damu, kwahiyo apelekwe apigwe altrasaundi na achunguzwe koo badala ya kuhesabiwa chembe kila wiki. Homa ya ini B na malaria za kujirudia nazo zinafanya wengu uwe hivohivo.

PLT chini toka zamani, MPV ina nyota

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu ndo inayoniuma. Kijana wa miaka 19 amekunywa predinisoloni miaka miwili anatibiwa ITP, uso umevimba mviringo, PLT inazunguka 40 haipandi haishuki. Kila karatasi yake MPV ina nyota. Hakuna aliyeweka slaidi, na mimi mwenyewe nilishampima mara mbili nikapitisha. Siku nimeiweka nikakuta chembe sahani majitu, zingine zinalingana na chembe nyekundu, mashine ilikuwa inaziacha kwa kudhani sio chembe sahani. Nilipohesabu kwa macho nikapata kama 85. Na ndani ya chembe nyeupe kulikuwa na vidoa vya bluu hafifu, ambavyo vinaenda na ugonjwa wa kurithi wa jeni la MYH9.

Nikamuuliza mama yake, shikamoo mama, wewe ulishawahi kupimwa damu ukaambiwa chochote? Akacheka, akasema mwanangu mimi kila mimba niliambiwa damu yangu ina kasoro, nikajifungua wanne salama nikawapuuza. Akafungua mkoba akatoa kadi ya kliniki imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu, platelets 52.

Daktari akaanza kumpunguzia vidonge kidogo kidogo wiki hiyohiyo, na mdogo wake wa kike akaletwa naye apimwe.